AnkiDroid na Kiingereza cha mapokezi: uzoefu wangu

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo hapa Moshi, na wageni wetu wengi ni wa kupanda Kilimanjaro. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni ni kile tunachokijua wengi wetu Tanzania. Shule ya msingi ya serikali unasoma kwa Kiswahili, ukiingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza, na maneno unayoyashika ni ya kwenye vitabu. "Photosynthesis" naijua, "colonialism" naijua. Lakini mgeni akija kulalamika kwamba bomba linavuja, sinki limeziba, au kitasa kimegoma, ndipo unapoona kwamba hakuna mtihani uliowahi kukuuliza habari za kitasa. Maneno ya chumbani na ya jikoni, ambayo mtoto wa Uingereza anayajua kabla hajatia mguu darasani, sisi tuliyaruka.

Nimetulia kwenye vitu viwili, vyote vya bure, na navitumia pamoja: vipindi vya BBC Learning English kwa ajili ya kupata maneno, na AnkiDroid, programu ya simu ya kadi za kujikumbusha, kwa ajili ya kuyashika. BBC wamekuwa wakifundisha Kiingereza kwa redio tangu 1943, na hilo linasikika: watangazaji wanazungumza kwa kasi ya kawaida lakini kila neno linafika. Nasikiliza zaidi The English We Speak, kipindi cha dakika kama tatu kinachochukua msemo mmoja tu na kuuzungusha katika mazungumzo. 6 Minute English ni kirefu kidogo, kinafungua na swali ambalo jibu lake linakuja mwishoni, na njiani kinaeleza maneno sita. Kila kipindi kina maandishi yake kwenye tovuti. Mimi napakua sauti nikiwa kwenye Wi-Fi ya kazini, nasikiliza kwenye daladala bila kugusa bando.

Si kila msemo wa pale unanifaa. Misemo mingine ni ya vijana wa Uingereza, na mgeni wa kutoka Ujerumani au Korea hataielewa hata ukiitamka vizuri namna gani. Nachukua ile ambayo naweza kuisema wiki hii hii mbele ya mtu: "bear with me", "I'll look into it", "we've run out of towels". Maneno ya Kimarekani naongeza mwenyewe, kwa sababu Mwingereza anaomba "the bill" na Mmarekani anaomba "the check", na wote wawili wanataka kulipa.

Sasa AnkiDroid, ambayo ndiyo hasa nataka kuisifia. Ni programu ya simu za Android ya kutengeneza kadi: mbele swali, nyuma jibu. Imetokana na Anki, programu ya kompyuta ambayo Damien Elmes aliitoa mwaka 2006. Unasoma upande wa mbele, unajibu kimoyomoyo au kwa sauti, unageuza, kisha unabonyeza kimojawapo cha vitufe vinne kueleza kama umesahau, imekuwa ngumu, umeipata, au imekuwa rahisi. Uliyosahau inarudi baada ya dakika chache. Uliyoipata inarudi baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika tangu 1885 jinsi kumbukumbu inavyomomonyoka haraka mwanzoni, na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyoizuia. Programu hii inakupigia hesabu hiyo kwa kila kadi peke yake, na inafanya kazi bila intaneti.

Kuna kadi zilizotengenezwa na watu wengine ambazo unaweza kupakua, maelfu ya maneno kwa mkupuo. Ushauri wangu: ziache. Neno ambalo hukulikuta popote halina pa kushikia. Tengeneza zako, na mbele ya kadi usiandike neno la Kiswahili, andika hali. Kadi yangu moja inasema: "Mashine ya kulipia kwa kadi ya benki inachelewa, mgeni amesimama mbele yako na begi mgongoni. Unamwambiaje?" Nyuma: "Bear with me a moment, please." Nyingine: "Wageni wameshuka mlimani kupitia Mweka, nguo zimejaa vumbi, wanauliza habari za dobi." Nyuma: "You can drop off your laundry here. It'll be ready tomorrow afternoon." Kwa njia hii sentensi nzima inakuja mdomoni kwa pamoja, na sarufi yake imo ndani. Vitenzi kama "look into", "look after" na "look for" havifundishiki kwa kamusi. Ukivipa kila kimoja tukio lake, havichanganyiki tena.

Jambo la kuangalia ni wingi. Programu inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na kwa mtu anayefanya kazi zamu za usiku hizo ni nyingi mno, maana kila mpya ya leo ni marudio ya kesho na keshokutwa. Ingia kwenye mipangilio upunguze. Mimi nimeweka tano, namaliza kabla chai haijapoa. Muonekano wake ni wa kawaida kabisa, hakuna zawadi wala katuni za kukushangilia, na nimeona hilo linanifaa: nafungua, nasoma, nafunga. Mwenye iPhone ajue kwamba programu rasmi ya Anki ya huko inalipiwa, ila anaweza kutumia AnkiWeb, tovuti ya Anki, bure kupitia kivinjari.

Unaweza pia kurekodi sauti ndani ya kadi, na hapo ndipo ninaposhughulika sasa. Dada zetu wa usafi wa vyumba ndio wanaokutana na wageni zaidi ya mtu yeyote hotelini, na mara nyingi wanaishia kutabasamu tu. Nawatengenezea kadi za shuka, foronya, chandarua, maji ya moto, na "Shall I come back later?" Nahifadhi kama faili moja, nawatumia kwa WhatsApp, wanalifungua kwenye simu zao. Mmoja ameshaniletea orodha ya maswali anayoulizwa korido ya juu, na kadi zake zitakuwa tayari Jumatatu.