Lorraine Motel, Memphis: makumbusho ya King kwa macho ya dereva wa lori

Madereva wenzangu mnaopita Memphis kila wiki na kuishia West Memphis kwa dizeli na kuoga, hii inawahusu. Ng'ambo ya mto Mississippi, mwendo mfupi tu kwa teksi, ipo moteli alipopigwa risasi Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza weusi wa Marekani kudai haki zao, na tangu 1991 ni makumbusho ya harakati za haki za raia. Mimi saa zangu za kuendesha zilikuwa zimekwisha, trela liko yadi, saa 34 za mapumziko zinahesabu, nikaona kulala na kutazama simu kumenichosha.

Lori msithubutu kwenda nalo. Ni mitaa ya katikati ya mji, hata kichwa peke yake utahangaika pa kukipaki. Tiketi nilikata kwenye simu, kama dola 20 kwa mtu mzima. Angalieni siku za kufungua kabla ya kutoka, maana Jumanne huwa wanafunga, na sikukuu ya King mwezi Januari watu hufurika.

Kwa nje moteli imeachwa kama ilivyokuwa. Milango ya rangi ya feruzi, bango kubwa la zamani, magari mawili ya zama zile yamepaki chini ya chumba namba 306, alimolala King, na shada la maua limetundikwa kwenye vyuma vya roshani. Ni pale pale aliposimama jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, saa 12 na dakika moja. Alikuwa na miaka 39. Mimi kila nikisoma habari zake huwa namwona mzee, sijui kwa nini. Labda ni zile suti.

Kuna jambo moja ambalo dereva yeyote atalielewa haraka kuliko mtalii. Enzi za ubaguzi, mtu mweusi aliyekuwa safarini Kusini mwa Marekani hakuweza kusimama popote akalala. Lorraine ilikuwa mojawapo ya sehemu chache za kuaminika Memphis, mali ya Walter Bailey na mkewe Loree, na wanamuziki wakubwa kama Ray Charles na Aretha Franklin walilala hapo. Sisi tunapiga kelele kwenye redio kwamba maegesho yamejaa. Wenzetu walibeba chakula na blanketi garini na kukariri majina ya nyumba watakazofunguliwa mlango. Bi Loree alipatwa na kiharusi jioni ile ile ya risasi, akafariki siku aliyozikwa King.

Ndani unaanza na biashara ya utumwa na kupanda taratibu kuelekea miaka ya sitini. Tengeni saa tatu. Maandishi ni mengi, mengi mno kwa ladha yangu, na ukitaka kusoma kila ubao utafika kwenye kiini cha jambo ukiwa umechoka. Kwa hiyo ruka baadhi bila aibu. Basi la Montgomery usiliruke: unapanda, umemkuta Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti, sanamu, amekaa kwenye kiti chake, na sauti ya dereva inakuamuru uhame. Nimewahi kuendesha basi, nikajikuta namwonea haya dereva yule kama ni mtu wa kampuni yetu. Mbele kuna basi la Greyhound lililoungua, ukumbusho wa lile walilolichoma wabaguzi karibu na Anniston, Alabama, Mei 1961, kwa sababu weusi na weupe walikuwa wamepanda pamoja. Napita Anniston kwa I-20 na mzigo mara kwa mara. Nilikuwa nikiijua kwa bei ya dizeli tu.

Sasa njooni kwenye kilichonifanya niandike. Karibu na mwisho kuna lori la taka, na sanamu za wanaume wakiandamana na mabango ya "I AM A MAN", yaani "Mimi ni mwanamume". Watu wengi niliokuwa nao walipiga picha wakaharakisha kwenda kuona chumba cha 306. Mimi nilibaki hapo muda mrefu, kwa sababu ukitaka kujua King alikuja Memphis kufanya nini, jibu ni lori hilo. Hakuja kuhutubia taifa wala kupokea tuzo. Alikuja kwa ajili ya wazoa taka.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilikuwa inanyesha. Wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga ndani ya sehemu ya nyuma ya lori lao, na mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha wenyewe. Uliwasaga. Aliyewahi kufanya kazi karibu na hidroliki anajua kwamba kitu kile kikishaanza hakisikii kelele ya mtu. Wafanyakazi walikuwa wamelalamika kuhusu magari hayo mabovu kabla ya hapo. Familia zilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Siku moja tu kabla, wafanyakazi weusi wa mifereji ya maji taka walirudishwa nyumbani kwa sababu ya mvua karibu bila malipo, huku weupe wakibaki na kulipwa siku nzima.

Tarehe 12 Februari watu wapatao 1,300 waligoma. Meya Henry Loeb akasema mgomo ni kinyume cha sheria na hatambui chama chao cha wafanyakazi. Mishahara ilikuwa midogo kiasi kwamba mtu anafanya kazi wiki nzima na bado anastahili msaada wa chakula wa serikali. King aliingia katikati ya hayo wakati washauri wake wakimwambia ana kazi kubwa zaidi Washington, ya kuwakusanya maskini wa rangi zote. Maandamano ya tarehe 28 Machi yakavurugika, vioo vikavunjwa, kijana wa miaka 16, Larry Payne, akauawa na polisi. King angeweza kuachana na Memphis hapo. Alirudi, kwa kuwa mtu anayehubiri kutopigana hawezi kukimbia siku watu wake walipopigana. Tarehe 16 Aprili, siku 12 baada ya kifo chake, jiji lilikitambua chama na kukubali nyongeza. Wengi wa wagomaji wale lakini walikuja kuzeeka bila pensheni ya jiji, na mwaka 2017 ndipo Memphis ikaamua kuwapa waliobaki hai dola 50,000 kila mmoja. Baadhi yao hadi wakati huo walikuwa bado wanazoa taka.

Baada ya hapo chumba cha 306 hupita upesi, na sina malalamiko. Unakiona kupitia kioo: vitanda, vikombe, sauti ya Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili, kwenye spika. Watu wananyamaza wenyewe.

Ninapotofautiana na waandaaji ni ng'ambo ya barabara, kwenye ile nyumba ya wapangaji ambamo James Earl Ray, aliyehukumiwa kwa kumuua King, alifyatulia risasi. Nilipokwenda bafu lake lilikuwepo, dirisha lilikuwepo, bunduki ilikuwepo, na habari ndefu za polisi walivyomsaka mpaka wakamkamata uwanja wa ndege London mwezi Juni. Najua kuna watu wanaopenda mambo ya upelelezi, na tiketi ilikuwa ile ile. Kwangu ukumbi huo ungetosha kuwa nusu, na nafasi iliyobaki wangepewa Cole na Walker.

Yupo na mtu mwingine wa kumjua kabla hamjaondoka. Mpangaji wa mwisho wa moteli, mama mmoja, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988, akahamia kando ya barabara na kulisusia jumba hilo kwa miongo. Hoja yake: hela zilizojenga makumbusho zingejenga makazi ya maskini, na mtaa umepanda bei hadi wenye shida hawaukaribii. Sikubaliani naye asilimia mia, watoto wanahitaji pa kujifunzia haya. Lakini kwa mtu aliyekufa akipigania mishahara ya wazoa taka, hoja hiyo haipuuziki.

Mkiwa na muda, nendeni pia kwenye uwanja wa I Am a Man, pembeni ya Clayborn Temple, kanisa ambalo wagomaji walikuwa wakianzia maandamano. Kanisa lenyewe liliungua Aprili 2025. Majina ya wagomaji yamechongwa kwenye ukuta wa uwanja, na hapo hakuna tiketi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile bunduki.