Unga wa bakteria kwa mabua ya nyanya: unaozesha vizuri, lakini ahadi ya sumu haijathibitishwa

Sisi tunaolima nyanya Ilula, mkoani Iringa, kila msimu hubaki na mabua yaliyopuliziwa dawa karibu hadi siku za mavuno, na kuyafanya mboji bila tahadhari ni kuirudisha sumu shambani. Ndiyo maana nilinunua kwenye duka la pembejeo unga wa bakteria wa jamii za Bacillus na Pseudomonas, ambao lebo yake inaahidi kuozesha mabaki ya mazao na "kuondoa sumu zote za viuatilifu".

Katika kuozesha, unga huu unastahili sifa. Niliukoroga na molasi katika maji ya mtoni, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huweza kuua bakteria, nikauacha ulale, kisha nikanyunyizia tabaka za mabua na samadi. Fimbo niliyochomeka katikati ya lundo ilitoka ya moto, haishikiki, na mabua yalilainika mapema kuliko ya lundo la pembeni ambalo sikulitia unga.

Ahadi ya pili ndiyo inayonikera, kwa sababu kuoza kwa bua si ushahidi kwamba dawa iliyokuwemo imekwisha. Ni kweli wapo bakteria, baadhi ya Pseudomonas wakiwemo, wenye vimeng'enya vya kukata viuatilifu vya jamii ya oganofosfati. Lakini klorpairifosi, dawa ya wadudu ya jamii hiyo, ikishakatwa huacha kemikali iitwayo TCP, ambayo nayo hudhuru vijidudu vingi na kuchelewesha kazi iliyobaki. Shaba iliyomo katika baadhi ya dawa za ukungu ni metali, wala hakuna bakteria wa kuivunja: lundo likinywea, shaba hubaki ileile na kuzidi katika kila kilo ya mboji. Mtengenezaji anayeandika "zote" angalau angetaja kiuatilifu kimoja alichokipima, na kiwango chake kabla na baada ya kuozesha. Lebo haina hata hilo.

Isitoshe, udongo wa shamba lililopuliziwa dawa ileile kwa miaka mingi mara nyingi huwa na bakteria waliokwisha kuizoea, na kutia koleo chache za udongo huo kwenye lundo hakugharimu kitu.

Kwa kuozesha ninaupa nyota nne. Kwa kuondoa sumu siupi hata moja hadi matokeo ya maabara yawekwe hadharani, na kwa sasa mboji yake naitia kwenye miti ya mbao, si kwenye tuta la mchicha.