Otello ya Jonas Kaufmann kwenye DVD: nimeitazama mara nne

Naimba teno, yaani sauti ya juu ya kiume, kwenye kwaya ya kanisani kwetu, huu ni mwaka wa kumi na nne, kwa hiyo nikisikiliza opera sikio langu linakwenda moja kwa moja kwenye koo la mwimbaji. DVD hii ya Otello, opera ya mtunzi Mtaliano Giuseppe Verdi, ilirekodiwa Royal Opera House, London, Juni 2017, teno Jonas Kaufmann alipoimba nafasi ya Otello kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nakala ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na mikwaruzo, ikaganda katikati ya tendo la tatu, na muuzaji akakataa kuibadilisha. Nikanunua nyingine. Hela hiyo siijutii.

Kisa ni kile cha Shakespeare: jemadari Mweusi anayeitumikia Venice anatiwa sumu ya wivu na Iago, mtu wa chini yake, mpaka anamuua mkewe Desdemona asiye na kosa. Verdi aliitoa opera hii kwenye jumba la opera la La Scala, Milan, mwaka 1887, akiwa na miaka 73, na tangu Aida ya 1871 hakuwa ametoa opera mpya. Arrigo Boito aliyeandika maneno aliikata sehemu yote ya Venice, ndiyo maana tunaanzia katikati ya dhoruba, kisiwani Saiprasi. Vaa visikilizi vizuri hapo. Chini ya kwaya na ngurumo kuna kinanda cha kanisani kinachoshikilia noti tatu nzito zilizobanana, dakika baada ya dakika, na unazihisi kifuani kabla hujajua zinatoka wapi.

Kisha Otello anashuka melini na kuimba "Esultate!" Ni mistari michache tu, iko juu, na mwimbaji anaingia nayo bila kupasha sauti jukwaani hata kidogo. Nitasema ukweli: hapo Kaufmann hawafikii wakongwe. Mario del Monaco, teno Mtaliano wa zamani, alikuwa akipaimba kama tarumbeta. Kaufmann ana sauti nzito, yenye kiza, chini inakaribia baritoni, sauti ya kiume iliyo chini ya teno, na hapo anavuka salama, basi. Anayenunua DVD hii kwa ajili ya mlio huo atavunjika moyo.

Lakini subiri tendo la tatu. Otello amemtukana mkewe, amemfukuza, amebaki peke yake. "Dio! mi potevi scagliar": Mungu, ungeweza kunitupia taabu zote na aibu zote. Verdi aliandika hapo iimbwe kwa sauti iliyokabwa, na kwa muda mrefu mwimbaji anabaki karibu kwenye noti moja huku vinanda vya nyuzi vikitambaa chini yake. Wengi hukimbilia kulia au kupiga kelele. Kaufmann anaimba kama mtu anayeogopa kusikia maneno yake mwenyewe. Sisi mateno tukiambiwa tuimbe kwa sauti ndogo, aidha tunashuka tuni au sauti inakuwa hewa tupu. Yeye anaishusha hadi inabaki uzi mwembamba, lakini uzi huo una pumzi ya tumboni ndani yake, na neno moja halipotei. Baadaye inapopanda na kufunguka, nilijikuta nimesimama. Na miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefuta maonyesho mengi kwa sababu mshipa mdogo wa damu ulipasuka kwenye nyuzi zake za sauti. Alirudi jukwaani Januari 2017. Anayeishi kwa koo lake anajua ujasiri wa kuchukua nafasi hii mwaka huohuo.

Kuna jambo linaloniuma, na sitalinyamazia. Kaufmann ni Mjerumani mweupe na hakupakwa rangi nyeusi usoni, kama walivyokuwa wakipakwa waimbaji weupe wa zamani. Kutompaka ni sawa kabisa, desturi ile ilikuwa tusi. Lakini katika tendo la pili Otello anajiuliza kama mkewe amemchoka kwa sababu ya weusi wa uso wake, na uso tunaouona hauna weusi huo. Muongozaji Keith Warner hajaweka kitu cha kutosha kuziba pengo. Upweke wa mgeni, ambao ndio unaompa Iago mlango, unabaki mabegani mwa sauti peke yake. Sauti inaubeba. Bado natamani kuuona.

Maria Agresta anaimba sala ya Desdemona kwa utulivu unaotisha. Marco Vratogna ni Iago mkali, mara nyingine mkali mno. Antonio Pappano anaiongoza okestra kana kwamba anapumua pamoja na waimbaji.

Mwishoni Otello, akiwa amejichoma kisu, anaomba busu, kisha jingine, na okestra inarudisha tuni ya usiku wao wa furaha. Kaufmann halii hapo, anatafuta tu pumzi ya kufikia neno, na pumzi inaisha.

Maandishi ya tafsiri ya Kiswahili kwenye skrini hayamo, hivyo kisome kisa kwanza. Alhamisi iliyopita niliwachezea wenzangu wa teno kile kipande cha tendo la tatu kabla ya mazoezi. Waliomba kirudiwe, tukachelewa kuanza.