Fundi alizungusha skrubu moja, akaipasua bunduki yangu ya Lee-Enfield

Nimesubiri hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka, na naona kungoja zaidi ni kumfichia mtu kosa lake.

Ninaishi Reading, hapa Uingereza, na Jumapili zangu nyingi huishia Bisley, kule Surrey, kwenye viwanja vya shabaha ambavyo walengaji wa nchi hii wanavitumia tangu 1890. Nyumbani Tabora, ukutani kwa mama, ipo picha ya babu mzaa mama akiwa na sare ya Keya, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki: kaptula, miguu imefungwa vitambaa, na mkononi bunduki yenye pua butu kana kwamba imekatwa kwa msumeno. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska. Pua ile huwezi kuichanganya na nyingine. Ni Lee-Enfield fupi, Mark III, ambayo majeshi ya Mwingereza yalikuwa nayo tangu kabla ya vita vya kwanza. Kwa hiyo mzee mmoja wa kilabu yetu alipoacha kulenga kwa sababu ya macho, na kabatini mwake ikawamo moja yenye muhuri wa 1917, sikubishana bei. Mambo ya polisi na cheti nayaruka, yalikwenda kama yanavyokwenda.

Mbao yake ilikuwa imekunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kwa yadi 100 risasi kumi zilitawanyika eneo la sahani ya wali. Bunduki ya aina hii ikiwa na afya, kwa umbali huo risasi zake zinafunikwa na kikombe cha chai. Mimi sikutaka kuigeuza kitu kingine. Nilitaka mbao ileile, chuma kilekile, ila ilenge.

Fundi niliyempelekea simtaji. Karakana yake ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, leseni zake zote anazo, na watu wawili watatu wa kilabu walimsifu. Nilimwandikia kazi kwenye karatasi. Akate upya mdomo wa mtutu, maana ulikuwa umelika upande mmoja kwa fimbo za kusafishia za miaka na miaka. Aukaze ubao wa mbele, ule unaobeba mtutu, ukae sawasawa kwenye chuma. Na asipitishe msasa popote, kwa kuwa mihuri ya wakaguzi iko kwenye mbao na ikishafutwa imekwenda. Aliniambia wiki nne, zikawa kama kumi. Sikulalamika hata mara moja.

Siku ya kuichukua aliilaza juu ya meza yenye zulia la kijani. Nikaishika, nikaiweka begani, nikahisi kitako kinacheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikamwambia, "Samahani bwana, kitako kinacheza." Akajibu, "Dakika moja," akafungua kile kimlango cha shaba nyuma ya kitako, akachomoa kipande cha ngozi kinachoziba tundu, akatumbukiza bisibisi refu kama mkono wangu, akaanza kuzungusha.

Nilisema, "Ngoja." Nakumbuka vizuri kwamba nilisema. Akaongeza nusu mzunguko. Ukasikika mlio mkavu, kama mtu anavunja muwa mwembamba kwenye goti.

Kwa asiyeijua bunduki hii, hapa ndipo ilipo kesi yote. Kitako kinashikwa na skrubu moja ndefu inayopita ndani yake hadi mbele, na ncha ya skrubu hiyo imechongwa pembe nne. Ncha inachomoza na kuingia kwenye kibati cha chuma kilichopachikwa nyuma ya ubao wa mbele, ili skrubu isilegee yenyewe. Waliobuni walifikiri sana. Lakini ukiizungusha wakati ubao wa mbele bado umefungwa, zile pembe nne zinageuka kabari na kuipasua mbao kwa ndani. Kwa hiyo ubao wa mbele hutoka kwanza, kitako baadaye. Hii si siri ya mafundi wakubwa. Mimi niliambiwa siku ya kwanza nilipoishika, kabla hata sijaonyeshwa pa kutia mafuta.

Basi nikangoja neno lake. Alichukua kitambaa chenye mafuta akaufuta ule ufa. Aliufuta! Ufa wa urefu wa kidole changu cha shahada, kwenye mbao ya mjozi yenye zaidi ya miaka 100, akaufuta kama vumbi. Halafu akasema, "Ulikuwepo." Nikamwambia haukuwepo, na picha ninazo, nilipiga kila upande kabla ya kuileta. Akaniangalia akasema, "Hii ni bunduki ya vita, bwana, si piano." Akaniandikia risiti ya kazi nzima.

Nililipa. Hilo linanikera mpaka leo. Nililipa kwa sababu nilitaka itoke mikononi mwake siku ileile.

Mtu anaweza kuona nalilia ufa tu, mbao si mtutu. Hapana. Nyuma ya ubao wa mbele kuna mabega mawili yanayoegemea chuma. Risasi ikitoka bunduki inarudi nyuma, na mabega hayo ndiyo yanayopokea teke. Kule mbele, karibu na pua, kuna kipini chenye springi kinachousukuma mtutu juu kidogo, na kinatakiwa kusukuma vilevile kila mara. Mabega yakishapasuka, ubao unasogea unene wa unywele kila unapopiga, na kule mbele mtutu unasukumwa sasa hivi, baadaye vile. Hapo ndipo inapozaliwa sahani ya wali. Nilimlipa mtu aondoe ugonjwa, akaurudisha mbele ya macho yangu.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua, maana kusema uongo sitaki. Mdomo wa mtutu aliukata vizuri mno. Niliukagua kwa lenzi nyumbani, mezani, watoto wamelala. Mng'ao unazunguka sawa, mifereji yote mitano ya ndani ya mtutu inaishia pamoja, hakuna hata punje ya chuma iliyoning'inia. Na mihuri ya wakaguzi hakuigusa, kama nilivyomwomba. Mkono uliofanya kazi ile ni wa fundi kweli. Ndiyo maana naumia. Angekuwa mbabaishaji ningesema nimetapeliwa, yakaisha.

Mzee aliyeniuzia alipouona ufa alivua miwani, akaupapasa kwa kidole gumba, akakaa kimya. Zamani alikuwa fundi wa silaha jeshini. Macho yamemwangusha lakini kichwa kimesimama, kwa hiyo maelekezo yakawa yake na mikono ikawa yangu, kwenye kibanda chake cha bustanini, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kwanza tuliyatoa mafuta ndani ya ufa, maana gundi haishiki penye mafuta: asetoni kwa brashi, kisha tope la unga wa chaki linaloyavuta yakatoka ya rangi ya kahawa. Ndipo ikaingia gundi ya epoksi, ikabanwa siku mbili, na pini ya shaba ikapitishwa kukatiza ufa usifunguke tena.

Mabega yalikuwa yameoza kwa mafuta, yakataka mbao mpya ngumu. Mzee alitaka mwaloni. Mimi nyumbani nilikuwa na mguu wa kinyago uliovunjika nilipohama, mpingo mtupu, nikamletea. Aliugonga kwenye meza mara mbili, akasikiliza, akasema, "Huu." Tukachonga vipande viwili vidogo kuliko domino. Tukapaka chuma masizi ya mshumaa, tukafunga, tukafungua, tukaangalia weusi umegusa wapi, nikakwangua pale tu. Tukafunga tena. Sijui tulifanya hivyo mara ngapi. Vidole vyangu vilibaki vyeusi hadi Jumatatu kazini. Ubao ulipoanza kuingia kwa kukaza, bila kutikisika hata ukiuvuta, mzee alisema basi, sasa kitako. Na skrubu ile ndefu nikaikaza mimi mwenyewe, ubao wa mbele ukiwa umelala mezani, mbali na bunduki. Mafuta ya kitani nilipaka kwa kiganja, matone machache kila usiku.

Tukaenda Bisley, yadi 100. Tano za kwanza sikuzihesabu, mtutu ulikuwa bado na mafuta. Tano za pili zikakaa mahali ambapo kikombe cha chai kingezifunika zote na nafasi ikabaki. Nikapiga tano nyingine, kikombe kilekile. Mzee shabaha haioni tena kwa umbali ule. Aliniuliza tu, "Ziko pamoja?" Nikamwambia ziko pamoja.

Sasa nimpe nyota ngapi yule fundi? Usiku ule niliandika tatu. Niliona kwamba kikombe kile kina mkono wake pia, mdomo ule wa mtutu ni kazi yake, na kila mtu ana siku yake mbaya. Asubuhi nikampigia simu kwa roho safi, nimweleze bunduki imepona, nimwombe anirudishie malipo ya ubao tu, ya mtutu abaki nayo, ni haki yake. Akasema haikumbuki bunduki hiyo. Imekaa kwake wiki kumi, haikumbuki! Nikashusha hadi mbili. Na nilipokuwa naandika hapo juu habari ya kile kitambaa, nimeshusha hadi moja, na itabaki hapo.

Kama una mtutu wa kukatwa mdomo, na mtutu peke yake, mpelekee, hutajuta. Nasema hivyo nikiwa na hasira na bado nasema. Bunduki nzima, hapana. Na popote utakapoipeleka Mark III, muulize fundi ataanza kufungulia wapi. Akikwambia pua, kisha bendi, zile pete za chuma zinazoshika mbao, kisha ubao wa mbele, na kitako mwisho, mwachie. Akichukua bisibisi refu kwanza, ibebe uondoke nayo hata kama mmeshapatana bei.

Juzi nilimtumia mama picha ya bunduki kwenye simu, imesimama pembeni ya dirisha, inang'aa. Akaiangalia akapiga. "Ni ile ile ya baba," akasema. "Na huo mstari hapo katikati?" Nikamsimulia yote, karakana, meza ya kijani, mlio, kitambaa, piano. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hata pole hakukupa?"

Hakunipa, mama.