TAHADHARI: Tapeli wa safari za mlimani amerudi na jina jipya

Wadau, habari zenu. Naandika usiku huu nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe pale jazba itakaponipanda. Yule mtu aliyetupiga sisi wanakikoba wa Tabata kabla ya Desemba 9 amerudi. Ukurasa una jina jipya, nembo mpya na namba mpya ya simu, ila picha ni zilezile na maneno yaleyale, mpaka lile kosa lake la kuandika "Kilimajaro". Safari hii anauza safari ya kupanda Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kule Ziwa Natron. Jina siliweki hapa kwa sababu faili liko polisi, na hata nikiliweka leo, kesho atakuwa ameshalibadilisha. Ninachoweka ni namna anavyofanya kazi, maana hiyo hajaibadilisha hata kidogo.

Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba. Tulikuwa wanawake saba tuliosema mwaka huu hatugawani hela na kununua vitenge, tunakwenda kuuona mlima wetu. Hela yote ilipita kwenye simu yangu, kwa hiyo lawama zote nazo zinapita kwangu mpaka leo. Mwenyekiti ananiita "mwanangu" kwa sauti ambayo zamani hakuwa nayo.

Tangazo tuliliona Instagram: "Sherehekea Uhuru juu ya Uhuru! Kilimajaro siku moja, 165,000 kila kitu ndani." Kila kitu maana yake usafiri kutoka Dar, malazi Moshi, kiingilio cha hifadhi, mwongozaji, chakula na cheti. Jamaa anajua msimu wake. Tangu Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha bendera na Mwenge kule juu Desemba 9, 1961, mwezi huo Mtanzania ambaye hajawahi hata kuugusa mlima anaona aibu kidogo, na aibu hiyo ndiyo anayoiuza.

Niliuliza, jamani, kileleni siku moja inawezekana? Akanijibu kwa sauti, ujumbe mrefu wa dakika mbili, mpole kama shehe: "Dada'angu, kuna Mtanzania mwenzetu, Simon Mtuy, alipanda na kushuka chini ya saa kumi." Nikatafuta, nikakuta ni kweli, alifanya hivyo mwaka 2006. Lakini yule ni mkimbiaji wa milimani. Mimi nina kilo 88 na nikipanda ngazi za ofisini kufika ghorofa ya tatu nasimama kujifanya nasoma meseji. Nilipomwambia hivyo akacheka, akasema basi ninyi nitawaishia kituo cha Mandara, mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo, na cheti mtapata. Hapo ndipo aliponikamata. Mtu anayekupunguzia ahadi mwenyewe unamwona mkweli.

Sasa niwaeleze nilichokuja kujifunza baadaye, kwa sababu ningekijua siku ile nisingetuma hata mia. Njia ya Marangu inaanzia getini kwenye mita kama 1,860 hivi. Kisha kuna vituo vya kulala: Mandara iko karibu mita 2,700, Horombo 3,720, kituo cha Kibo 4,700, halafu ndiyo kilele chenyewe, Uhuru, 5,895. Watu wa kawaida hutumia siku tano au sita kwa njia hiyo, na siku zile si za kupamba bei, ni za mwili kuzoea hewa nyembamba. Safari ya siku moja kweli ipo, inaishia Mandara, na ni nzuri sana. Ila haina cheti cha kilele. Cheti hutolewa kwa aliyefika Gilman's au Stella, zile sehemu za ukingo wa kreta kule juu, au Uhuru kwenyewe, basi. Mtu anayekuahidi cheti cha Kilimanjaro kwa matembezi ya Mandara ama hajawahi kufika mlimani, ama anakuona hujawahi kufika wewe.

Halafu picha zake. Chini ya neno "Mandara" aliweka picha ya watu wamesimama kando ya ile mimea mikubwa ya ajabu, shina kama mgomba uliovaa koti na kichwa kama kabichi. Mimea ile ni ya juu, ukanda wa Horombo. Mandara ni msitu mtupu, miti imeota ndevu, unyevu, mbega juu. Picha nyingine ilikuwa na barafu nyuma yao! Shangazi yangu wa Himo alipoiona, baada ya maji kumwagika, aliuliza tu, "Hii barafu ya Mandara imeletwa na friji?"

Turudi kwenye hela. Saba mara 165,000 ni 1,155,000. Nilipoingiza namba, simu ikaniletea jina la mtu binafsi, la mwanamke, halifanani na jina la kampuni wala la mwanaume niliyekuwa naongea naye. Nikasita. Nikampigia. Akasema ni mhasibu wetu, akaunti ya kampuni iko kwenye matengenezo. Wadau, mimi ni mweka hazina! Mwanakikoba akiniletea maneno hayo namtoza faini. Lakini nilituma, kwa sababu wenzangu walikuwa wananisukuma kwenye kundi, nafasi zinaisha, nafasi zinaisha. Siku mbili kabla ya safari akaomba tena 25,000 kwa kila kichwa, "bima ya uokoaji". Jumla 1,330,000.

Na hapa ndipo alipo hatari kuliko wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii": tiketi za basi alizikata kweli. Tulifika Stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, majina yetu yapo, viti vipo. Kundi zima likapiga makofi, mimi nikaombwa radhi na waliokuwa na wasiwasi. Chalinze, Korogwe, Same, tunaimba. Nauli ile ilikuwa ndiyo chambo. Unapogundua umelizwa uko mbali na Dar kilomita zaidi ya mia tano, na ukienda kituo cha polisi cha huko unaambiwa hela ilitumwa wapi, Dar? Basi kafungueni Dar.

Moshi tukafika jioni. Lodji aliyotutajia ipo, ila dada wa mapokezi hakuwa na jina letu hata moja. Simu bado ilikuwa inapokelewa. "Dada'angu kuna mkanganyiko, lipeni nyinyi, kesho mwongozaji anawarudishia mkononi." Tukalipa. Asubuhi ikaja Noah na kijana mmoja mpole, tukapita Himo, tukapandisha Marangu, migomba kushoto na kulia, mlima umejificha kwenye mawingu. Getini akatuambia subirini nikashughulikie vibali. Tukasubiri saa nzima na nusu. Makundi mengine yanakuja, yanaandikishwa, yanaingia.

Nikaenda mwenyewe dirishani. Afisa wa hifadhi alikuwa mstaarabu. Akauliza jina la kampuni, akauliza namba ya malipo. Nikamwonyesha ujumbe wangu wa muamala. Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayoumiza kuliko kufokewa. Akasema, "Mama, hii ni hela uliyomtumia mtu. Ya kwetu inalipwa kwa namba ya kumbukumbu." Ndiyo ile kontroo namba tunayolipia vitu vyote vya serikali. Kiingilio cha hifadhi kinalipiwa kwa njia hiyo, humpi mtu mkononi, na ukishalipa risiti inaonyesha umelipa nini na kwa nani. Mimi hulipia ardhi kwa kontroo namba, nimelipia leseni ya duka kwa kontroo namba, na bado sikufikiria kuuliza ya mlima iko wapi.

Nilipompigia tena tapeli, alikuwa ameshanibloku. Wote saba. Yule kijana wa Noah tulimkuta amekaa kwenye jiwe. Naye alikuwa hajalipwa. Aliambiwa awalete wageni na hela yake atapewa na mimi! Alikuwa anaogopa kuniuliza. Mwenyekiti wetu, ambaye ana ulimi mkali lakini moyo laini, akamtoa elfu ishirini ya mafuta na kumwambia arudi kwao.

Watano walipanda basi la kurudi jioni ile. Mimi na katibu tulibaki, kwa ubishi tu. Tukaulizia Moshi mjini, tukapata ofisi yenye mlango, meza na leseni ya TALA, ile ya mawakala wa utalii, ukutani, tukalipa, na risiti ya hifadhi tukaishika wenyewe kabla ya kuondoka. Siku ya pili tukaingia getini kwa amani. Kilomita kama nane za msitu, tukala mkate na yai Kisambioni katikati ya njia, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu yetu kama wamevaa mashuka. Tulifika Mandara kwenye vile vibanda vya mbao mchana, miguu inatetemeka. Mwongozaji akatuvuta mpaka kreta ya Maundi, mwendo mfupi tu kutoka pale, akatuambia hapa mnaposimama ni mdomo wa volkano ndogo. Mawingu yakafunguka dakika chache, tukaviona vilele viwili, Mawenzi kimechongoka na Kibo nyuma yake cheupe. Katibu alilia. Nawaambia hivi ili msije mkasema matembezi ya siku moja ni utapeli. Mlima hauna kosa.

Kuhusu kurudishiwa hela: mtandao wa simu niliwapigia siku ileile nikiwa pale getini, wakaniambia hela ilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia. Ukishtuka mapema, yaani dakika zilezile, wapigie upesi wazuie muamala. Mimi nilishtuka baada ya wiki mbili. Niliporudi Dar nilifungua RB, yaani namba ya taarifa polisi, nikawapa namba zote na sauti zake zote, kwa hiyo msifute sauti wala meseji hata kama zinawatia kichefuchefu. Namba yake pia nimeiripoti kwa kuituma 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Line ya mwanzo ikafungwa. Ndiyo maana ana mpya.

Kama mnataka kwenda kwa amani, ombeni leseni ya TALA na mwombe jina kamili la kampuni lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, halafu jina hilohilo lionekane kwenye simu au benki unapolipa. Lisipofanana usikubali hadithi ya mhasibu, wala ya mke wake, wala ya akaunti iliyo kwenye matengenezo. Risiti ya hifadhi ombeni kabla ya kupanda basi, si mkifika. Ukiona mtu anakasirika kwa maswali hayo, au anaanza kukuita "mamy" na kukwambia nafasi zimebaki mbili, mwache azijaze na ndugu zake.

Sasa hili la Lengai ndilo lililonifanya nisilale. Tangazo lake jipya linasema: "Ol Doinyo Lengai kutoka Dar, panda asubuhi shuka jioni, ukaone lava ikichemka." Picha ni ziwa la moto jekundu, watu wamesimama ukingoni. Mwongozaji wetu wa Marangu, nilipomtumia, alicheka mpaka akashindwa kuandika. Lengai ni volkano hai kweli, lakini lava yake haifanani na ya mahali pengine popote duniani: ina joto dogo, inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari, ikikaa inageuka kuwa nyeupe. Mlima wenyewe una mita 2,962, mfupi kuliko Kilimanjaro, ila ni mkali kama ukuta, hauna kivuli wala maji. Ndiyo maana watu huanza kupanda usiku wa manane na kushuka asubuhi kabla jua halijawachoma. Na kutoka Dar kwanza unafika Arusha, unakwenda Mto wa Mbu, ndipo unaanza barabara ya vumbi kuelekea Engaresero kule Ziwa Natron. Mtu anayempeleka mama wa Tabata kuupanda mlima ule mchana wa jua kali, bila mwongozaji, si mwizi wa hela tu.

Bei ameweka 190,000, malipo ya awali nusu, mwisho Ijumaa hii. Jina linalotokea ukiingiza namba ni la mwanamke yuleyule. Kama ulishamtumia, njoo inboksi nikupe namba ya RB yangu tuunganishe, na kama uko kwenye kundi lake la WhatsApp, piga skrinshoti ya wanachama wote kabla hajalifuta.