Kuprinti ramani kubwa Moshi mjini: rangi safi, foleni balaa

Wadau wa Moshi, kama unatafuta wa kuprinti ramani saizi A0 kuna jamaa hapa mjini karibu na stendi wako vizuri aisee, niliwapelekea ramani ya sakafu ya Bahari ya Hindi ya kidato cha sita wangu na shida ya ramani hizi ni bluu, maana kina kinasomwa kwa rangi, sasa mashine ikichoka kila kitu kinakuwa bluu moja na ule mgongo wa kutoka Ushelisheli kwenda Morisi huuoni kabisa. Hapa unauona mpaka kingo zake.

Kijana wa kompyuta akauliza hii nchi gani mbona imezama, nikamwambia sehemu ya kaskazini ya huo mgongo ni kipande cha bara kilichobaki njiani Madagaska na India zilipoachana, ndo maana Ushelisheli ina graniti, jiwe la mabara, ya miaka kama milioni 750. Wamejuaje? Meli inatuma sauti chini inasikiliza ikirudi, halafu wanaburuta kikapu cha chuma mteremkoni kuokota mawe, kama 2011 magharibi ya Australia walivyotoa graniti na naisi (nayo ni mawe ya bara) kwenye vilima vya Batavia na Gulden Draak huko chini ya bahari. Tukanogewa mpaka watu wa nyuma wakaanza kununa.

Ubaya sasa, laminesheni ina mapovu kona ya chini, na risiti mpaka uombe mara mbili. Bei inashuka ukikomaa. Nenda asubuhi, umeme ukikatika hawana jenereta.