TAHADHARI: Kuna jamaa anauza paneli za "kuzuia sauti" kwa wanaomalizia besimenti huku Minnesota, mimi ameshanipiga

Wadau habari zenu. Nimekaa na hili jambo wiki nzima nikaona nikinyamaza kesho atapigwa mwingine humu humu kwetu, maana huyu jamaa anatembea kwenye magrupu ya Waswahili na anaongea vizuri sana, salamu ndefu, anakuulizia mpaka wazazi nyumbani.

Nilikuwa namalizia besimenti nifanye chumba cha sinema cha familia. Projekta, spika tano na sabufa moja kubwa. Mama watoto ni nesi, anaingia usiku, mchana ndo analala, kwa hiyo shida yangu ilikuwa moja tu, sauti isipande juu. Nikamwambia jamaa wazi. Akanijibu kaka ondoa shaka, nikishafunga paneli zangu hata ukifungulia mpaka mwisho shemeji hasikii kitu. Akasema ndani ni pamba ya mawe inchi 4, akanitumia na cheti kimeandikwa NRC 0.95, yaani kipimo cha paneli inavyofyonza sauti, na kwamba haishiki moto, daraja A. Bei dola 3,200. Nikamrushia 1,800 kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela benki kwa benki, kama advansi, zilizobaki nikalipa kwa kadi.

Wakaja vijana wawili, wakapuliza gundi kwenye jipsamu wakabandika, masaa matatu wamemaliza. Hata kile kidirisha cha besimenti wakakifunika, eti sauti inatokea hapo. Usiku nikawasha filamu, kweli ule mwangwi wa kupiga makofi ulikuwa umepungua, nikafurahi. Kesho yake mchana nikajaribu tena kidogo tu, mama watoto akashuka ngazi macho mekundu, akaniambia kitanda kinatetemeka.

Nikampigia jamaa. Kwanza akasema zipe wiki mbili zijae, zilikuwa zimebanwa kwenye boksi. Wiki mbili zikapita akasema inabidi niongeze safu ya pili, dola 1,500. Nilipokataa akaacha kupokea, meseji anasoma hajibu.

Basi nikabandua moja nikaichana kwa kisu. Pembeni kuna fremu ya mbao ya inchi 4 kwa hiyo ukiiangalia kwa nje unaona nene kweli, kitambaa kimepigwa stepo vizuri, ila ndani chini ya kitambaa ni sponji ya inchi moja, ile ile ya godoro la bei rahisi, imegundishwa juu ya katoni, na nyuma ya katoni hakuna kitu. Uwazi. Katoni bado ina maandishi ya kampuni ya ndizi.

Sasa naomba nieleze kidogo maana nimelazimika kujifunza kwa hela yangu. Kufyonza sauti na kuzuia sauti ni vitu viwili tofauti kabisa. Paneli inafyonza, yaani inapunguza mwangwi mle mle chumbani, maneno yasikike vizuri. Kuzuia sauti isipande juu kunahitaji uzito na kuziba hewa: jipsamu mbili za inchi 5/8 darini na gundi maalumu katikati, dari isishikane moja kwa moja na mbao za sakafu ya juu, mlango mzito usio na uwazi ndani, kila kitundu kizibwe. Hakuna paneli ya kubandika itakayofanya hiyo kazi, hata iwe original. Na ile namba ya NRC ni wastani wa sauti za hezi 250 mpaka 2,000 tu. Besi ya sabufa iko chini ya hezi 80 huko, wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, sponji ya inchi moja wala hailigusi. Ukitaka kutuliza besi chumbani ni faibaglasi ngumu au pamba ya mawe, nene, inchi 4 na kuendelea, hasa kwenye kona. Nilipokisoma kile cheti kwa utulivu nikakuta ni cha bidhaa nyingine kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi siyo hela, ni moto. Nilichukua kipande kidogo nikaenda nje kwenye zege nikakiwashia kiberiti. Kilishika hapo hapo, kikawa kinadondosha matone yanayowaka na moshi mweusi mzito. Jamani, sponji ya namna hii ndo iliwaka kule klabu ya The Station, Rhode Island, tarehe 20 Februari 2003, wakafa watu 100. Klabu moja ya Santa Maria kule Brazil mwaka 2013 ikawa vile vile, wakafa 242. Na mimi nilikuwa nimeibandika kuta zote nne, chini ya nyumba, watoto wanalala humo wikiendi, na dirisha la kutokea tumelifunika, wakati sheria za ujenzi huku zinataka besimenti ya kukaa watu iwe na pa kutokea. Nimezibandua zote usiku ule ule, jipsamu imechanika vibaya, sijali.

Upande wa hela: benki wamesema ya Zelle niliituma mwenyewe, hawarudishi. Ya kadi nimeipinga kwa maandishi, una siku 60 tangu watume stetimenti yenye hayo malipo, mimi nimetuma na picha. Pia nilikuja kujua kwamba muuzaji akikuuzia nyumbani kwako mzigo wa dola 25 na kuendelea, kanuni ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, inakupa siku 3 za kazi kughairi na anatakiwa akuachie nakala mbili za fomu ya kughairi. Huyu hakuacha hata risiti. Nimeshamripoti FTC na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Jamaa ameshabadilisha namba lakini picha ni zile zile, chumba chenye viti vyekundu na taa za bluu darini. Kama amekuahidi kuja kwako, usitume advansi, mwambie achane paneli moja mbele yako kabla hajashusha mzigo. Picha za niliyoichana ninazo, anayezitaka anicheki inboksi.